Maiki ya kubandika kwa marimba, zeze na udi: jinsi ya kuitengeneza mwenyewe

Msimu wa maonyesho ukikaribia, maswali yanakuja yale yale. "Baza nimeshanunua, waya upi unakwenda wapi?" "Mbona sauti imekuwa nyembamba?" "Mbona inavuma kama mzinga wa nyuki?" Nimeyajibu kwa simu, nimeyajibu nyuma ya jukwaa nikiwa na tochi mdomoni. Sasa nayaandika yote hapa, anayeuliza nimpe asome.

Haya yanakuhusu wewe unayepiga marimba ya mkono, zeze au udi na umechoka kumezwa na gitaa la besi. Yanakuhusu pia wewe fundi kijana ambaye mpigaji fulani amekuletea chombo chake na hutaki kumharibia. Ukiweza kuchomea waya wa spika, hii utaiweza, na ni kazi ya mchana mmoja.

Kwa nini tusitumie maiki ya kawaida? Ile ya kusimama inasikia hewa. Itasikia marimba yako, lakini pia itasikia ngoma iliyo nyuma yako, spika iliyo mbele yako na muuza karanga aliye pembeni. Mpigaji akigeuka kidogo kucheza, sauti imepotea. Maiki ya kubandika inasikia mbao. Ndani yake kuna kisahani cha piezo, kitu ambacho kikitikiswa hutoa umeme kidogo. Nadharia nitakayokupa ni hiyo tu, mpaka tufike hatua ya saba.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Visahani vya piezo vya milimita 27, vitatu. Chombo kinahitaji kimoja, ila cha kwanza utakiunguza, kila mtu amekiunguza. Kwenye maduka ya vipuri vya redio Kariakoo, au Luthuli Avenue kama uko Nairobi, ulizia "baza". Utapewa kisahani cha njano chenye duara jeupe katikati. Ukiletewa kidude cheusi cha plastiki ambacho ukikipa betri kinalia chenyewe, rudisha, hicho kina sakiti ndani. Kama duka liko mbali, fungua saa mbovu ya kengele au simu ya mezani iliyokufa. Mara nyingi kisahani kimo.

Waya mwembamba wa maiki wenye ngao, nusu mita. Ngao ni ule wavu wa nyuzi za shaba unaouzunguka waya wa kati. Waya wa spika haufai hapa hata kama ni mnene na wa bei. Hautaleta chochote ila mngurumo.

Jeki ya kike ya milimita 6.35, ile ya gitaa. Chukua ya stereo hata kama sauti yako ni ya mono, sababu utaiona mbele.

Solda ya wati 25 hadi 40 na risasi nyembamba yenye dawa ndani. Solda kubwa ya kuchomea masufuria iache kwa mwenyewe.

Mita ya umeme, wembe, msasa laini, tepu nyeusi ya umeme, tepu nyembamba ya pande mbili, rangi ya kucha (yoyote, hata nyekundu), na karatasi ya fedha ya ndani ya paketi ya sigara.

Kwa kile kisanduku cha hatua ya saba: transista moja ya FET, 2N3819 au MPF102, rezista tatu, za mega-ohmu 1, kilo-ohmu 4.7 na kilo-ohmu 100. Kapasita ya maikrofaradi 10. Betri ya volti 9 na kofia yake. Na kopo kubwa la dawa ya viatu lililokwisha. Lioshe vizuri, la sivyo chombo cha watu kitanuka kiwi mpaka mwakani.

Hatua kwa hatua

1. Andaa kisahani. Sugua kwa msasa sehemu ndogo ya ukingo wa njano, ukubwa wa punje ya mchele. Duara jeupe usiliguse kwa msasa. Lile limepakwa tabaka jembamba sana la fedha, na hilo ndilo linalobeba sauti. Kama kisahani kilikuja na nyaya zake mbili nyembamba kama nywele, ziyeyushe uzitoe. Watu huziacha kwa uvivu, kisha zinakatika siku ya onyesho.

2. Andaa waya. Kata sentimita 25. Kwa wembe, chuna ganda la nje sentimita mbili, ipindishe ngao pamoja iwe kamba moja, kisha chuna waya wa kati milimita tatu tu. Zipake ncha zote mbili risasi kwanza kabla hazijafika kwenye kisahani. Hapa ndipo wengi wanaruka, halafu wanalaumu solda.

3. Chomea ngao kwenye ukingo wa njano. Weka tone la risasi pale uliposugua, weka ngao juu yake, gusa kwa solda mpaka vyote viyeyuke pamoja, toa, usitikise mpaka ipoe. Ukingo huu unavumilia moto kidogo, unaweza kukaa sekunde tatu au nne.

4. Chomea waya wa kati kwenye duara jeupe. Sasa pole pole. Tone dogo la risasi karibu na ukingo wa duara, si katikati kabisa, maana katikati ndipo panapocheza zaidi. Kisha waya. Solda ikigusa, hesabu moja, mbili, toa. Ukizidisha utaona lile tabaka linanyanyuka kama ganda la kitunguu, na kisahani hicho ndiyo kwaheri. Ndiyo maana nilisema vitatu.

5. Pima kabla hujafunika. Mita iwe kwenye ohmu, ncha moja kwenye ngao na nyingine kwenye waya wa kati. Isisome kitu, kwa kuwa piezo haipitishi umeme wa betri. Ikisoma sifuri au karibu na sifuri, kuna unywele wa ngao umegusa waya wa kati. Utafute na wembe. Kisha geuza mita iwe kwenye volti za AC, kipimo kidogo kabisa, ugonge kisahani kwa ukucha. Namba ikiruka, kisahani ni kizima.

6. Kinga na funika. Paka rangi ya kucha juu ya duara lote jeupe na sehemu ulizochomea, safu mbili, iache ikauke kabisa. Kisha tepu ya umeme safu moja, upande huo huo. Juu ya tepu weka karatasi ya fedha ya sigara, ule upande unaong'aa uwe chini, na uhakikishe pembe yake moja inagusa ukingo wa njano. Haichomeki kwa risasi, kwa hiyo ibane kwa tepu nyingine. Karatasi hii ndiyo itakayozuia mngurumo wa taa na jenereta. Upande wa pili, ule wa njano mtupu utakaokaa kwenye mbao, utaubandika tepu nyembamba ya pande mbili.

Onyo: ukingo wa njano umeungana na bodi ya amplifaya kupitia ngao. Usiuache ukagusa njiti za chuma za marimba wala kidole cha mpigaji. Nimeona kumbi ambako pini ya ardhi ya plagi imevunjwa makusudi ili iingie kwenye soketi ya matundu mawili. Amplifaya ya hivyo ikiwa na hitilafu ndani, umeme unakuja moja kwa moja mikononi. Piga tepu, na plagi iliyovunjwa pini ikatae hata kama mwenye ukumbi atanuna.

7. Tengeneza kisanduku cha kati. Mzee mmoja wa marimba, mtu wa kwetu, alinijia baada ya mazoezi akiwa amekasirika. "Mwanangu, umenifanya nini? Marimba yangu inalia kama kopo la maziwa!" Nikamwambia, "Shikamoo mzee, umeichomeka wapi?" Akanionyesha: kwenye miksa, moja kwa moja.

Hapo ndipo nadharia iliyobaki inapoingia. Kisahani cha milimita 27 kina nguvu kidogo sana ya kusukuma umeme. Mlango wa kawaida wa miksa una takriban ohmu 10,000, na kwa kisahani hiki maana yake ni kwamba kila sauti iliyo chini ya kama 800 Hz inaanza kumezwa. Mlango wa maiki una ohmu chache zaidi, na ni mbaya zaidi. Sasa mwili wote wa marimba, zile njiti ndefu za katikati, uko chini ya hapo. Kinachobaki ni kucha zikigonga chuma. Kisahani kinataka mlango wa ohmu milioni moja, kama ule wa amplifaya ya gitaa au mlango wa miksa wenye kitufe cha Hi-Z. Ukiwa na uhakika kwamba kila ukumbi utakuwa na mlango wa hivyo, ruka hatua hii. Mimi sijawahi kuwa na uhakika huo.

Ndani ya kopo, unga hivi. Waya wa kati wa kisahani uende kwenye mguu wa geti wa transista. Kutoka geti hadi ardhi weka rezista ya mega-ohmu 1. Mguu wa dreni uende kwenye chanya ya betri. Mguu wa sosi uende ardhini kupitia rezista ya kilo-ohmu 4.7. Kutoka sosi hiyo hiyo, unga chanya ya kapasita, na hasi ya kapasita iende kwenye ncha ya jeki. Kati ya ncha hiyo na ardhi weka rezista ya kilo-ohmu 100, isije ikapiga "pwaa!" kila unapochomeka. Ngao ya waya, bati la kopo na bodi ya jeki, vyote ni ardhi.

Hasi ya betri usiipeleke ardhini. Ipeleke kwenye mguu wa pete wa jeki, ule wa tatu ambao jeki ya mono haina. Ukichomeka kebo ya kawaida ya gitaa, kebo yenyewe inaunganisha pete na ardhi na kisanduku kinawaka. Ukichomoa, kinazima. Ndiyo maana tulinunua jeki ya stereo.

Mpangilio wa miguu ya transista hutofautiana kati ya watengenezaji, kwa hiyo muulize muuzaji au soma karatasi ya aina uliyonunua. Dreni na sosi zikibadilishana, kwa kawaida 2N3819 hufanya kazi bila kulalamika. Geti ndiyo usiikosee. Ukimaliza, chomeka kebo na upime volti kati ya sosi na ardhi. Kati ya 1 na 5, uko salama.

8. Tafuta mahali pa kubandika. Nyaya zote nilizoeleza hapo juu zinaweza kuwa kamilifu na sauti ikawa mbaya kwa sababu ya sentimita nne. Usibandike moja kwa moja. Chomeka, fungua sauti kidogo, kishikilie kisahani kwa kidole sehemu moja, mwenzako apige, kisha sogea. Fanya hivyo sehemu kumi. Tia alama ya penseli kwenye zile mbili nzuri.

Kwa marimba, watu wote hukimbilia kwenye daraja la chuma linaloshika njiti. Pana sauti kubwa, ni kweli, lakini ni kali na unasikia kila kucha. Mimi huanza nyuma ya sanduku, upande wa chini, karibu theluthi moja kutoka ukingoni. Marimba nyingi za Wagogo zina tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, ule unaotoa mlio wa kukereza unaofanya sauti iwe hai. Msikilize Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo wa Tanzania, katika rekodi zake za ilimba, yaani marimba ya Kigogo, na utausikia. Mlio huo unasafiri zaidi hewani kuliko kwenye mbao, kwa hiyo kisahani kikiwa mbali na tundu utaupoteza kabisa. Kisogeze karibu na tundu, vidole viwili hivi, lakini kisiguse utando. Jukwaa likiwa tulivu, ongeza maiki ya kawaida kwa mbali na uchanganye. Likiwa la harusi, sahau utando, chukua mbao.

Kwa zeze, usibandike kwenye ngozi. Kisahani kina uzito, na ngozi itakufa sauti kama ngoma iliyolowa. Bandika kwenye mti wa shingo pale unapoingia kwenye kibuyu. Upinde ukikwaruza sana, weka kisahani upande wa pili wa mti huo.

Kwa udi, kifuani, chini kidogo ya kipande kinachoshika nyuzi, upande wa nyuzi nene. Mbao ya kifua ni laini na mara nyingi haina vanishi ya maana. Tepu kali itang'oa nyuzi za mbao siku ya kuitoa, na nta itaacha doa. Jaribu tepu kwanza mahali pasipoonekana. Kama udi ni wa mtu au wa chama cha taarabu, omba ruhusa, na umuache mwenyewe ndiye abandike. Kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi cha taarabu, niiache hapa. Daraja lake linakaa juu ya ngozi, na sitaki fundi mgeni aanzie humo.

Tepu iwe nyembamba na ikamate vizuri. Ile nene ya sponji humeza sauti za juu, jambo ambalo mara moja moja ndilo unalolitaka, marimba ikiwa na kelele nyingi za kucha. Waya ufunge kwenye chombo kwa tepu sentimita tano kutoka kwenye kisahani, ili mtu akiukanyaga uvute mbao na si viungo ulivyochomea.

9. Panda jukwaani kwa utaratibu. Sauti ya miksa iwe sifuri, chomeka kwenye chombo, chomeka kwenye miksa, kisha pandisha pole pole. Mwambie fundi mitambo azime volti 48 za maiki kwenye mlango huo. Punguza sauti za chini ya 80 Hz, humo hamna marimba, mna hatua za miguu na mikono inayoshika sanduku. Kisha punguza kidogo kati ya 1,000 na 3,000 Hz, ndiko ule mlio wa bati unakokaa. Zaidi ya hapo usiguse kitu mpaka umsikie mpigaji akipiga na wenzake wote.

Ikikataa

Haitoi sauti kabisa. Angalia betri, kisha kebo nyingine, kisha rudia kipimo cha hatua ya tano moja kwa moja kwenye kisahani. Ukipata sifuri au volti 9 kamili kwenye sosi, geti iko mahali pasipo pake.

Inavuma. Shika kopo kwa mkono. Mvumo ukipungua, kopo halijaungana na ardhi. Usipopungua, gusa ile karatasi ya fedha. Ukipungua hapo, pembe yake imeachana na ukingo wa njano. Ukibaki vile vile, badilisha soketi na usogee mbali na transfoma na nyaya za taa.

Inapiga mluzi. Spika ya jukwaani inatikisa mbao za chombo, na mbao zinarudisha. Sogeza spika kwanza kabla hujagusa miksa. Kwa udi, kitambaa ndani ya tundu husaidia.

Sauti inakatika mpigaji akijigeuza. Ni kiungo cha ngao kwenye ukingo, karibu kila mara. Chomea upya, safari hii ukiwa umesugua vizuri.

Inakwaruza kwenye mapigo makubwa. Punguza kwanza kwenye mlango wa miksa, kile kitufe cha kuzungusha cha juu kabisa, si kile cha chini. Ikiendelea, betri imechoka. Halafu muulize mpigaji kama anaichukia kweli. Kule Kinshasa, Mingiedi Mawangu na kundi la Konono N°1 walijitengenezea maiki za likembe, marimba ya mkono ya kwao, kwa sumaku za vipuri vya magari chakavu, wakazipitishia kwenye vipaza vya kutangazia, na ule mkwaruzo ukawa ndio sura ya muziki wao. Yule mzee wangu, nilipomsafishia sauti yote, aliniambia nimrudishie kidogo.

Betri inakufa kila wiki. Kebo inabaki imechomekwa usiku kucha. Kisanduku hiki kinakula umeme kidogo mno, betri moja inapaswa kuvuka msimu. Chomoa upande wa chombo, si upande wa miksa.

Sauti ilikuwa nzuri jana, leo imepoa. Bonyeza kisahani kwa kidole. Ikirudi, tepu imeachia kwa joto au jasho. Beba vipande vitatu vya tepu vilivyokwisha kukatwa, ndani ya kifuniko cha kopo.